Kabla ya Kujaza Fomu, Uliza Wanamfanyia Nini Mwanafunzi Aliyepotea

Mtu aliyekatisha masomo na sasa anafikiria kurudi kupitia shule mbadala huwa na maswali yanayofanana na ya wenzake: ada ni kiasi gani, vipindi huanza saa ngapi, cheti kinatambuliwa au hakitambuliwi, na je, umri wake hautamfanya kichekesho mbele ya vijana? Ni maswali ya haki, na baadhi yake nitayagusa. Hata hivyo, baada ya kupita mwenyewe katika shule ya namna hiyo, nikawaona wenzangu wakimaliza na wengine wakipotelea njiani, naamini lipo swali moja linalopaswa kutangulia mengine yote, tena liulizwe ofisini, ana kwa ana, kabla kalamu haijagusa fomu: mwanafunzi asipoonekana kwa wiki mbili, shule hii inafanya nini?

Shule ikijibu kwamba jina lake hukatwa na itambidi asubiri mwaka mpya wa masomo, basi hiyo ni shule ileile tuliyoiacha, iliyobadilishiwa saa za vipindi tu. Ikijibu kwamba yupo mtu anayejulikana, mwenye jukumu la kumtafuta mwanafunzi huyo na kumwonyesha mahali alipoishia, hapo pana jambo la kuzungumza. Nimewahi pia kusikia jibu la tatu, la shule inayosema kwamba kila anayesoma pale ni mtu mzima na anajua wajibu wake. Jibu hilo linasikika kama heshima, lakini mara nyingi maana yake ni kwamba ada imeshalipwa na hakuna atakayekuulizia.

Naliweka swali hili mbele kwa sababu kuacha shule, kwa wengi wetu, hakukuwa uamuzi. Walio nje hulitazama jambo hili kama tukio la siku moja: kijana aligombana na mwalimu, au binti alipata ujauzito, au baba alifariki, na hadithi ikaishia hapo. Chanzo kweli huwa ni kimoja kati ya hivyo, lakini kinachomtoa mtu shuleni hasa ni mrundikano wa siku alizokosa. Anayekosa Jumatatu hulikuta somo la Jumanne limeshasonga; akirudi Jumatano huitwa mbele kueleza alikuwa wapi; na akishaona kwamba kurudi kuna gharama kubwa kuliko kutorudi, hubaki nyumbani siku nyingine moja, ambayo nayo huipandisha gharama hiyo. Mimi niliishia kidato cha pili. Mzazi wangu aliugua kwa muda mrefu, nikawa ndiye mkubwa niliyebaki nyumbani, na ada ilikuwa inadaiwa. Hakuna aliyenifukuza, na hadi leo siwezi kuitaja siku niliyoacha, kwa kuwa haikuwepo siku kama hiyo. Yalikuwepo majuma ambayo bado ningeweza kurudi bila maelezo mengi, kisha yakaja mengine ambayo maelezo yangehitajika, na mwishowe muhula ukafungwa nikiwa si mwanafunzi tena.

Shule ya kawaida imejengwa juu ya kalenda. Darasa zima huianza mada pamoja, huimaliza pamoja, hufanya mtihani pamoja na kupanda kidato pamoja, na kwa mtoto ambaye nyumba yao imetulia mpango huo hufanya kazi vizuri kabisa. Udhaifu wake huonekana nyumba inapotikisika. Aliyekosa mwezi mmoja haongezewi mwezi mmoja. Huachiwa achague kati ya kuwakimbilia wenzake akiwa na mapengo na kuurudia mwaka mzima, na mwaka mzima ni adhabu kubwa mno kwa upungufu wa mwezi, hasa pale ambapo mwezi wenyewe ulitumika kumuuguza mzazi. Shule mbadala iliyo nzuri huilegeza kalenda hiyo. Mtaala unaweza kuwa uleule, vitabu vilevile na mtihani wa mwisho uleule, ila kila mwanafunzi husonga kutoka pale alipofika. Kwa hiyo wanaosema kwamba masomo ya huko ni mepesi hawajakaa kwenye madawati yake. Niliyasoma, na yalinitoa jasho. Kilichokuwa chepesi zaidi ni kuchelewa na kukosa, kwa maana havikukatisha safari.

Ni vyema nieleze ninazungumzia shule zipi, maana zipo za aina nyingi na hazifanani. Kuna zilizoanzishwa na watu waliochoshwa na ukali wa mfumo wa kawaida, kama Summerhill ya A. S. Neill, iliyoanzishwa mwaka 1921, ambako mtoto halazimishwi kuingia kipindini; hizo zinapokea watoto ambao pengine hawajawahi kukatisha masomo, na siziongelei hapa. Kuna nyingine, zinazojulikana zaidi Marekani, ambako mwanafunzi msumbufu huhamishiwa ili shule yake ya awali ipumue. Na kuna zile za waliokatisha masomo: madarasa ya jioni, vituo vya elimu ya watu wazima, shule huria, na shule za nafasi ya pili kama ile iliyofunguliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1997, kufuatia pendekezo lililotolewa miaka miwili kabla yake na Édith Cresson alipokuwa kamishna wa elimu katika Kamisheni ya Ulaya. Mtandao wa shule hizo za Ufaransa hupokea vijana wa miaka 16 hadi 25 wasio na cheti, ambao hugawa muda wao kati ya darasa na mahali pa kazi, na kila mmoja huwa na mpango wake wa masomo. Kundi hili la mwisho ndilo ninaloliongelea.

Katika shule niliyojiunga nayo, siku ya kwanza haikuwa na kipindi chochote. Ilikuwa na jaribio la kupima kiwango, na hapo ndipo nilipoanza kuiamini shule ile. Jaribio halikuwa na alama. Mwalimu wa Hisabati alimwita kila mmoja mezani kwake, akampa maswali machache, kisha akamwomba aseme kwa sauti anachokifikiri huku akiandika. Mwenzangu mmoja, mama wa watoto watatu aliyeachia shule darasa la saba, aliulizwa nusu ukijumlisha na theluthi moja utapata ngapi. Aliandika moja juu ya mbili, kisha moja juu ya tatu, akajumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, akapata mbili juu ya tano. Mwalimu hakumkosoa.

"Mama, hebu nichoree hiyo nusu," alimwambia. "Sasa nichoree na hiyo mbili juu ya tano uliyoipata. Ipi kubwa?"

Yule mama alichora mistatili miwili iliyolingana, akaigawa, akatia wino sehemu zilizotakiwa, akaitazama kwa muda, kisha akacheka. "Mwalimu, ina maana nimechukua nusu, nikaiongezea kitu, ikapungua!"

"Kwa hiyo kasoro iko wapi?"

"Vipande havilingani."

Wakatafuta pamoja kigawe kidogo cha shirika, wakazigeuza sehemu zote mbili ziwe na asili ya sita, wakapata tatu juu ya sita na mbili juu ya sita, na jibu likawa tano juu ya sita. Mwalimu akaandika katika faili lake kwamba aanzie kwenye mada ya sehemu, asirudishwe kwenye kuzidisha na kugawanya, kwa kuwa hayo anayaweza.

Katika darasa lililojaa, jibu la mbili juu ya tano hupigwa mkasi wa wino mwekundu na somo husonga mbele. Mama huyu alikuwa ameubeba mkasi huo tangu utotoni, na kila kilichofuata, kuanzia asilimia hadi aljebra, kilikuwa kimewekwa juu ya msingi uliopasuka. Wengi wanaosema kwamba hawana kichwa cha Hisabati wana pengo moja au mawili ya namna hiyo, na mapengo hayo yanaweza kuonyeshwa kwa kidole iwapo kuna mtu aliye tayari kukaa nao kwa dakika kumi. Shule ya waliokatisha masomo isiyofanya jaribio kama hilo, ikawaweka wote kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kidato cha kwanza, huwachosha wanaojua na kuwaacha wasiojua, yote kwa wakati mmoja.

Hofu iliyoenea zaidi kati ya wanaorudi ni kwamba wamesahau kila kitu. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio yeye mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana na kuyachapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba kusahau hutokea kwa kasi sana mwanzoni kisha kasi hiyo hupungua. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi yake inayotajwa mara nyingi, tena kwa sauti ya kukatisha tamaa. Sehemu ya pili ndiyo inayotuhusu sisi zaidi. Alipojifunza upya orodha ambazo hakuweza tena kuzikumbuka, alihitaji muda mfupi kuliko mara ya kwanza, na muda huo aliouokoa ndio uliokuwa kipimo chake cha kile kilichobaki akilini. Nililiona jambo hilo katika masomo yangu mwenyewe. Majuma ya mwanzo yalikuwa mazito, kanuni za kemia zikinitazama kama maandishi ya watu wengine, halafu mambo yakaanza kurudi kwa makundi, kila mada ikiivuta jirani yake. Anayejipima uwezo kwa majuma hayo ya mwanzo anajidhulumu, na bahati mbaya ndiyo majuma ambayo wengi huondoka.

Hapo ndipo linaporudi swali la aliyepotea, kwa sababu waliorudi shule wana mazoea ya kuondoka, na sababu za kuondoka hazijaisha. Mtoto ataugua, zamu ya kazini itabadilishwa kuwa ya usiku, nauli itakosekana mwisho wa mwezi. Shule inayopanga mambo yake kana kwamba haya hayatatokea imejipangia kuwapoteza wanafunzi wake. Katika shule yetu kila mwanafunzi alikuwa na faili la karatasi ngumu lililokaa kwenye kabati la darasa, na ndani ya faili mlikuwa na karatasi moja iliyopigwa mistari ya safu nne: mada, tarehe ya kuianza, zoezi la mwisho lililosahihishwa, na safu iliyoandikwa juu yake "Aendelee na". Mwalimu mlezi aliijaza safu hiyo ya mwisho kila wiki kwa kila jina, awepo asiwepo. Aliyepotea kwa majuma matatu alipotokea, alifungua kabati, akatoa faili lake, akasoma mstari huo na kuketi. Hakusimamishwa mbele kujieleza, na hakutakiwa kubahatisha wenzake wamefika wapi, kwa kuwa wenzake nao kila mmoja alikuwa pake.

Lakini faili pekee lisingetosha, maana faili halimtafuti mtu. Siku ya tatu ya kutoonekana, simu ilipigwa. Niliwahi kuwa karibu mwalimu mlezi alipompigia yule mama wa mada ya sehemu, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa. "Za nyumbani, mama? Mtoto anaendeleaje? Pole sana. Sasa sikiliza, zoezi lako la nne nimeshalisahihisha, nampa jirani yako akuletee. Ukiona mambo yametulia, Alhamisi njoo hata kwa kipindi kimoja." Hayo ndiyo yote aliyosema, na hayakuwa na ufundi wowote wa kisaikolojia. Yalikuwa na kazi iliyosahihishwa inayomsubiri mwenyewe, na siku iliyotajwa kwa jina. Angemwambia tu kwamba aje atakapoweza, nina hakika tusingemwona tena, kwa sababu mtu aliye katikati ya msukosuko haoni siku atakayoweza, zote zinafanana.

Fikra hiyo inaweza kuwekwa pia katika kanuni za mfumo mzima, na hapa tofauti kati ya nchi na nchi ni kubwa. Taasisi ya Kitaifa ya Shule Huria ya India, iliyoundwa mwaka 1989, humpa mwanafunzi usajili unaodumu miaka mitano, na ndani ya muda huo ana nafasi tisa za kufanya mitihani. Somo alilofaulu hubaki kwenye akaunti yake hadi atimize idadi inayotakiwa. Aliyeitunga kanuni hiyo alikuwa anamjua mwanafunzi anayemtungia. Nilinganishe na yaliyowakuta watahiniwa wa GED nchini Marekani, mtihani unaompa asiyemaliza sekondari cheti kinachohesabiwa kuwa sawa na cha aliyehitimu. Mtihani huo ulianzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya wanajeshi walioingia vitani kabla ya kumaliza sekondari, na una sehemu kadhaa ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa nyakati tofauti. Toleo jipya lilipoanza Januari 2014, watu waliokuwa wamefaulu baadhi ya sehemu za toleo la zamani bila kuzimaliza zote walipoteza alama zao na kulazimika kuanza tena. Mitihani hubadilishwa kwa sababu za msingi, sikatai, lakini kwa mtu ambaye historia yake yote ya shule ni kuanza tena, ni vigumu kubuni pigo kubwa kuliko hilo. Ndiyo maana namshauri kila anayeanza aulize mapema: nikifaulu masomo mawili nikakwama, hayo mawili yatanisubiri kwa muda gani, na mtaala ukibadilika yatakuwaje?

Kuhusu GED hiyohiyo kuna utafiti ambao hutajwa kila mara mjadala huu unapozuka. Mwaka 1993 mchumi James Heckman, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alichapisha pamoja na Stephen Cameron makala iliyoonyesha kwamba wenye cheti cha GED, katika soko la ajira, walikuwa wanakaribiana zaidi na walioacha shule bila cheti chochote kuliko na waliohitimu sekondari kwa njia ya kawaida. Katika kazi zilizofuata Heckman na wenzake walieleza kwamba tatizo halikuwa maarifa ya darasani, ambayo wenye GED walikuwa nayo. Walichopungukiwa ni tabia kama ustahimilivu na kufuata ratiba, ambazo mtihani wa karatasi haupimi. Wapo wanaoyachukua matokeo hayo kama ushahidi kwamba njia mbadala ni kujidanganya.

Mimi nayasoma kwa namna nyingine. GED ni mtihani, na mtu anaweza kujiandaa kwa muda mfupi, peke yake, akaufanya na kwenda zake. Hakukutana na faili wala simu ya siku ya tatu. Cheti kilichopatikana bila shule hakiwezi kulaumiwa kwa kutofundisha kile ambacho hufundishwa na shule, na kwa kweli matokeo ya Heckman yanaitetea shule mbadala iliyo shule kwelikweli dhidi ya ile iliyogeuka kituo cha kukariri mitihani ya nyuma. Ninachokikataa zaidi ni kuuchukulia ustahimilivu kama rangi ya macho, kitu ambacho mtu huzaliwa nacho au hazaliwi nacho. Nimesoma na watu waliotoroka shule zaidi ya moja, ambao katika shule ile walihudhuria hadi mwisho, na hawakuwa wamegeuka kuwa watu wengine. Walikuwa mahali ambapo kuwepo kwao na kutokuwepo kwao kulikuwa kunaandikwa na mtu aliyewajali.

Kwa sababu hiyohiyo nina wasiwasi na kusoma kwa masafa kwa mtu aliyekaa nje ya darasa kwa muda mrefu, ingawa najua kwamba kwa wengine ndiyo njia pekee iliyopo. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopewa hati yake mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971 bila kuwadai vyeti vya awali, hakikutegemea redio, televisheni na vitabu vya posta peke yake; kiliwapangia wanafunzi wakufunzi na vituo vya kukutania. Atakayechagua kusoma kwa masafa na atafute, ndani ya mpango wenyewe, ni nani atakayegundua kwamba amenyamaza. Mfumo wa kompyuta unaotuma ujumbe uleule kwa watu wote hauhesabiki.

Umri nitaugusa kwa ufupi. Kila anayerudi shule husimuliwa habari za Kimani Maruge, mzee wa Kenya aliyejiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta ada za shule za msingi mwaka uliotangulia. Namheshimu sana mzee huyo, lakini mfano wake haumfai vizuri aliyekatisha masomo. Maruge alikuwa hajawahi kupata shule, kwa hiyo alikuja na hamu tupu. Sisi tunakuja na kumbukumbu za majina tuliyoitwa na ripoti zilizofichwa chini ya godoro. Isitoshe, mwenye miaka 84 akishika daftari hupigiwa makofi, na mwenye miaka 27 huulizwa alikuwa wapi siku zote. Katika darasa letu tofauti za umri zilisumbua kwa siku chache tu, kisha zikawa na faida, kwa kuwa vijana walikuwa wepesi wa hesabu na wakubwa walikuwa hodari wa kukaa na swali moja bila kuliacha.

Nina tahadhari pia kwa wanaozisifu shule hizi kupita kiasi. Njia mbadala inaweza kugeuzwa kuwa uchochoro wa kuwapitishia wale ambao shule ya kawaida haiwataki. Nchini Tanzania, kwa mfano, kwa miaka mingi msichana aliyepata ujauzito hakuruhusiwa kuendelea katika shule ya serikali, na aliyetaka kusoma alielekezwa kwenye elimu nje ya mfumo rasmi. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi katika shule ya kawaida baada ya kujifungua. Kwa baadhi ya wasichana hao darasa la jioni huenda likawa bado ndilo linalowafaa kuliko lile la asubuhi. Kuchagua darasa hilo, hata hivyo, ni jambo moja, na kusukumwa humo kwa sababu mlango mwingine umefungwa ni jambo jingine, na viongozi wa elimu hawapaswi kuyachanganya.

Yaliyobaki ni ya kiutendaji. Utambuzi wa shule uhakikishwe kwenye mamlaka ya mitihani yenyewe. Hati iliyotundikwa ukutani kwenye fremu haitoshi. Ijulikane mapema ni nani anayemsajili mwanafunzi kwa mtihani, shule au yeye mwenyewe kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa maana tarehe za usajili zikipita hakuna anayekuonea huruma. Majina yaliyo kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule ya awali na kitambulisho yalingane herufi kwa herufi. Yasipolingana, hati ya kiapo itafutwe mwanzoni mwa masomo, kwa kuwa nimemwona mtu aliyesoma hadi mwisho akikwama kwa sababu ya jina la babu lililoandikwa kwa namna mbili. Anayetaka masomo ya sayansi aombe aonyeshwe maabara kwa macho, aguse na bomba aone kama linatoa maji, kwani vituo vingi vya jioni hufundisha fizikia na kemia kwa ubao peke yake.

La mwisho ni idadi ya masomo. Ofisi nyingi hupenda kumwandikisha mtu masomo yote kwa mkupuo, na anayerudi naye hupenda hivyohivyo, akitaka kuifidia miaka iliyopotea kwa mwaka mmoja. Kanuni zikiruhusu, ni afadhali kuanza na machache na kuyamaliza, kwa sababu matokeo ya kwanza yenye ufaulu humshikilia mtu shuleni kuliko hotuba yoyote. Mimi niliiahirisha Hisabati kwa makusudi hadi awamu iliyofuata, nikatanguliza Historia, Jiografia na Biolojia, ili niyaone matokeo mazuri mara moja kabla ya kuligusa somo lililokuwa likinitisha. Yule mama wa watoto watatu alifanya kinyume kabisa: alianza na Hisabati, akisema hiyo ndiyo iliyokuwa ikimdai kwa muda mrefu kuliko zote.